Pikapu, Mpira Uliopasuka na Uzito wa Hewa

Barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, huko Makete, ina kona 57, na wenyeji hawakuhangaika kuitafutia jina: wanaiita Hamsini na Saba. Chini pale Chimala unatembea na shati. Ukifika juu unatafuta koti. Ni njia ya viazi na mbolea, na masika yakikolea ni njia ya tope. Kwenye mojawapo ya kona hizo nilikwama nikiwa na mifuko ya mbolea nyuma, ndani ya pikapu ya dizeli niliyoinunua miezi mitatu kabla, huku kitaa cha kijani kwenye dashibodi kikinihakikishia kwamba magurudumu yote manne yanafanya kazi.

Utingo alishuka, akainama, akachungulia. "Bosi," akasema, "za nyuma zinachimba kaburi. Za mbele zimekaa tu."

Nikashuka kuona. Ni kweli, tairi za mbele zilikuwa zimetulia kama wageni waliofika msibani bila kumjua marehemu. Nikavuta mti wa fowili, nikaurudisha, nikauvuta tena. Taa ikabaki inawaka. Tairi za mbele hazikujibu. Tulitolewa pale na vijana wa kijijini, kwa bei iliyopangwa na mtu anayejua kwamba huna pa kwenda.

Fundi wa kwanza kuiona gari, ambaye sitamtaja, aliisikiliza habari yangu kwa nusu dakika akatoa hukumu: "Mkubwa, difu ya mbele imekufa." Difu ikashushwa. Ikalala siku mbili juu ya gunia, imefunguliwa, meno yake yanang'aa bila hata kijipengo. Fundi akaitazama kwa masikitiko. "Basi ni transfa," akasema, na kunyoosha mkono kuomba spana nyingine.

Hapo mjomba wangu akaingilia. Ameendesha malori maisha yake yote, na siku hizi amestaafu na kufuga. Alikuja gereji na kitu kimoja mfukoni: bomba la sindano, lile kubwa la plastiki analolitumia kunyweshea ndama dawa, likiwa halina sindano. Akaamuru difu irudishwe ilikotoka. Kisha akachomoa kijimpira chembamba kama mrija kwenye kikopo kilicho ubavuni mwa difu, akaniambia nizibe ncha ya juu kwa kidole, akachomeka bomba lake kwenye ncha ya chini, akavuta. Bomba likaja laini kama linavuta hewa ya barazani. "Mjomba," akaniambia, "mpira mzima ungenibishia. Huu haubishi." Tukaufuata ule mpira kwa vidole hadi juu, nyuma ya betri. Pale ulipogusana na chuma ulikuwa na mpasuko wenye urefu wa punje ya mchele.

Mpira mpya uligharimu pungufu ya sahani ya chipsi mayai. Kushusha na kupandisha difu niseme tu kwamba kuligharimu zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza punje ya mchele inawezaje kuzima ekseli nzima ya chuma. Jibu lake ni la zamani kuliko magari, na lilianzia Italia, kwa watu waliokuwa wakigombana na pampu za maji.

Mafundi wa pampu wa karne ya 17 walijua jambo moja lililowakera. Pampu ya kuvuta, hata ufunge viungo vyake kwa ustadi gani, hainyanyui maji kupita kimo cha mita 10 hivi. Yakifika hapo yanagoma. Galileo alilifahamu tatizo hilo na akafa bila kulimaliza. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli akaamua kuacha maji na kutumia zebaki, ambayo ni nzito mara 13 na ushee kuliko maji. Ukijaza zebaki kwenye mrija mrefu wa kioo uliozibwa upande mmoja, ukaupindua ndani ya bakuli la zebaki, zebaki ya mrijani inashuka kidogo kisha inasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Juu yake panabaki nafasi isiyo na kitu. Waswahili tunalo neno la nafasi hiyo, ombwe, ingawa gereji zote huliita vakyumu.

Torricelli akaona kwamba ombwe lile halivuti chochote. Zebaki inashikiliwa juu na hewa ya nje, inayolilalia bakuli kwa uzito wake. Sisi sote tunaishi chini ya rundo la hewa lenye kimo cha kilomita nyingi, na kila eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole, yaani sentimita moja ya mraba, linabeba kilo moja hivi ya hewa. Hatuisikii kwa sababu inatusukuma pande zote sawasawa. Ukinywa soda kwa mrija huivuti. Unaondoa hewa mrijani, na uzito wa hewa ya nje unaisukuma soda hadi kinywani.

Wengi hawakuamini. Blaise Pascal, huko Ufaransa, akafikiria jaribio la kuwanyamazisha: ikiwa ni uzito wa hewa, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, zebaki lazima ishuke. Yeye mwenyewe alikuwa na afya mbovu, kwa hiyo akamwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer akapanda na mrija wake. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8. Mimi kinachonivutia zaidi katika kisa hicho ni jambo dogo alilolifanya kabla ya kuanza kupanda. Aliacha mrija wa pili chini, kwenye bustani ya nyumba ya watawa, na kumwomba mtawa mmoja akae nao kutwa nzima akiutazama. Wa chini haukubadilika. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba ni hali ya hewa ya siku hiyo tu.

Fundi wangu wa kwanza hakuwa na mrija wa chini. Alianza kufungua chuma kabla hajajua nini kizima na nini kibovu.

Halafu akaja Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg huko Ujerumani, mtu aliyependa kuonyesha mambo hadharani. Alitengeneza pampu ya kutoa hewa, akaunganisha vibakuli viwili vya shaba vyenye upana wa karibu nusu mita, mdomo kwa mdomo, bila skrubu wala gundi, akatoa hewa iliyokuwa ndani. Mwaka 1657, mjini kwake, akafunga farasi 8 upande huu na 8 upande ule ili wavivute vibakuli viachane. Vikawagomea. Ukipiga hesabu, hewa ilikuwa inavibana vibakuli vile kwa uzito wa karibu tani 2.

Sasa rudi chini ya pikapu. Kile kikopo kilicho ubavuni mwa difu ya mbele ni kibakuli cha Guericke kilichotengenezwa Japani. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachoshika fimbo, na fimbo inashika uma unaosukuma pete yenye meno. Pete hiyo ikisogea inaunganisha vipande viwili vya ekseli ya mbele, ikirudi inaviachanisha. Pikapu nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zikiwamo baadhi ya Hilux na L200, zinafungia mbele kwa njia hii, ili ukiwa kwenye lami magurudumu ya mbele yasizungushe vyuma bure. Hewa ikitolewa upande mmoja wa kiwambo, hewa ya upande wa pili inakisukuma. Chukua kiwambo chenye upana wa sentimita 8: eneo lake ni sentimita 50 za mraba. Ombwe zuri la injini likiondoa asilimia 70 ya hewa, kiwambo kinasukumwa kwa nguvu ya kilo 35. Hizo zinatosha kusogeza pete. Mpira ukiwa na tundu la punje ya mchele, hewa inaingia kwa kasi ileile inayotolewa, pande zote mbili za kiwambo zinakuwa sawa, na pete inabaki ilipo. Hakuna kilichovunjika.

Kikopo kina mipira miwili, mmoja wa kufunga na mwingine wa kufungua, na kila mmoja unaongozwa na kijivali cha umeme, solenoidi, kilichopo kwenye boneti. Fundi mwenye haraka akiichomeka kinyume, gari inafunga mbele ukiwa barabarani na kufungua ukiingia topeni. Nimeshaona gari iliyotembea hivyo mwaka mzima. Mwenyewe alikuwa akilaumu tairi.

Ombwe lenyewe linatoka wapi? Injini za petroli hulitengeneza zenyewe, kwa sababu pedali ya mafuta inaziba koo la hewa na mapistoni yanabaki yanahema kwa shida. Dizeli za zamani hazina kizibo hicho, kwa hiyo hubeba pampu maalumu; kwenye injini nyingi za Toyota za familia ya 2L na 3L pampu hiyo imepachikwa nyuma ya altaneta. Pampu hiyohiyo inahudumia busta ya breki. Hapa ndipo mwenye gari, asiye fundi na asiye na kipimo chochote, anaweza kujua mengi kwa mguu wake. Zima injini. Kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, halafu washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu wako, ombwe lipo, na shida ya fowili iko mbele zaidi: mipira, solenoidi au kikopo. Isipozama, usiiguse difu kabisa. Anza na pampu na mpira wake mkubwa, na usitoke na gari hiyo, maana breki nazo zinaumwa ugonjwa huohuo.

Huo ndio mrija wetu wa chini: kitu kimoja tunachojua hali yake, tunachokilinganisha na kile tusichokijua.

Na kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo ambalo Périer angelitambua mara moja. Uwanda wa Kitulo uko mita zipatazo 2,600 juu ya bahari. Pale robo ya hewa imebaki chini yako, mabondeni. Kikopo kilichokuwa kinasukumwa kwa kilo 35 bandarini Dar es Salaam kinapata 26 hivi Kitulo. Gari nzima haisikii tofauti. Lakini gari yenye pampu iliyochoka na mipira iliyokakamaa, ambayo kule pwani ilikuwa inajikongoja na kufunga, huku juu inashindwa. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa anapokuapia kwamba fowili ilikuwa inafanya kazi alipoijaribu.

Tuje kwenye difu, kwa kuwa imelaumiwa sana bila kosa. Difu tunayoijua inatokana na Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa mtengeneza saa, ambaye mwaka 1827 aliiwekea hataza kwa ajili ya gari la mvuke. Gari likikata kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani; ukiyafunga kwenye chuma kimoja, moja lazima liburuzwe. Pecqueur akaweka meno katikati yanayoruhusu upande mmoja uende haraka na mwingine polepole, mradi wastani wao ubaki uleule. Ni ubunifu mzuri ajabu, lakini una udhaifu wake: difu inagawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, kwa hiyo upande wenye nguvu haupati zaidi ya kile ambacho upande dhaifu unaweza kukipokea. Tairi moja likiwa kwenye utelezi, lenzake lililo kwenye mwamba nalo linapata makombo.

Ndiyo maana kile kikopo kinakata upande mmoja tu wa ekseli, na bado magurudumu yote mawili ya mbele yanakufa. Upande uliokatwa ni sawa na tairi linaloelea hewani. Mwendo wote unaishia huko, kwenye chuma kisicho na mzigo. Pikapu zenye habu za kufunga kwa mkono, zile ambazo Arthur Warn wa Marekani alianza kuziuza mwaka 1948 kwa wenye Jeep, zina ugonjwa wa aina hiyohiyo. Habu moja ikijaa matope au pete yake ikikwama, huna nusu ya fowili. Huna kabisa.

Kulijua hili kunatupa kipimo kizuri kuliko taa yoyote. Egesha mahali tambarare, ziba tairi za nyuma kwa mawe mbele na nyuma, vuta breki ya mkono. Gia iwe huru, injini ikiunguruma, mti wa fowili kwenye 4H. Nyanyua mbele kwa jeki na uweke stendi imara. Mtu asiingie chini. Sasa zungusha tairi la kushoto kwa mkono. Ikiwa mbele imefungwa, la kulia litazunguka kinyume chake, kwa sababu propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, imeshikwa na tairi za nyuma na wastani wa Pecqueur lazima ubaki sifuri. Ikiwa la kulia limenyamaza na la kushoto linazunguka kwa raha, mbele haijafunga, hata taa iseme nini. Kazi ya dakika 15.

Kuna upande wa pili wa mambo, na huu ndio unaowatia watu hasara ya aina nyingine. Jirani yangu, baada ya kusikia habari zangu, alikuja na wasiwasi: pikapu yake akiiweka fowili inakuwa nzito kwenye kona, inashtuka kama punda aliyekanyaga mwiba, na mti ukishaingia hautaki kutoka. Alikuwa ameshaambiwa transfa imeharibika. Nikamuuliza anaijaribia wapi. Kwenye lami, akajibu, mbele ya nyumba.

Gari yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Pikapu za kawaida zina difu mbele na difu nyuma, lakini katikati, kwenye transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma, hazina. Ukiweka 4H propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja kama ng'ombe wa jembe. Na kwenye kona ekseli ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Piga hesabu ya kona moja ya Hamsini na Saba, kona ya kugeuka nusu duara. Tuseme katikati ya ekseli ya nyuma inapita umbali wa mita 8 kutoka kitovu cha kona, na kati ya ekseli mbili kuna mita 2.85. Ya nyuma itatembea mita 25.1, ya mbele mita 26.7. Tofauti ni mita moja na nusu, kwa kona moja. Kwa kona zote 57 inakaribia mita 90, na hata kona zikipishana kulia na kushoto tofauti haifutiki, maana ya mbele daima ndiyo yenye safari ndefu. Kwenye udongo tairi zinateleza kidogo na deni linalipwa palepale. Kwenye lami haziwezi kuteleza, kwa hiyo deni linahifadhiwa kwenye vyuma: propela zinajisokota, meno ya transfa yanabanana, na mti haung'oki. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache huku stelingi imenyooka, vyuma vilegee. Zipo gari zilizotatua hili kwa difu ya tatu katikati. Spyker ya Uholanzi ya mwaka 1903 ilikuwa nayo tayari. Pikapu ya kazi kwa kawaida haina.

Kwa hiyo gari inayogoma kukata kona kwenye lami ukiwa umeweka 4H imekupa cheti cha afya. Ila usiendelee kukidai cheti hicho kila siku.

Ikigoma hata ikienda moja kwa moja, hiyo ni habari nyingine, na hapa umri wa gari unaanza kusema. Tazama tairi kwanza. Tairi mpya mbele na zilizokwisha nyuma zinatofautiana milimita 8 za kimo kutoka katikati hadi chini. Kwa hesabu ya karatasi ni asilimia 2, yaani mita 20 za mabishano kila kilomita. Kibaya zaidi ni difu iliyobadilishwa. Gari imepita mikononi mwa watu wanne; mmoja wao aliua difu ya nyuma, akaenda kwa wauza vipuri wa Gerezani au Kirinyaga Road akapata nyingine inayofanana kwa nje. Ya mbele ina uwiano wa 4.3, hii mpya 4.556. Ukitumia magurudumu mawili hutajua chochote maisha yako yote. Siku ukifunga fowili, mbele na nyuma vitapishana karibu mita 60 kwa kila kilomita, na kitu lazima kiachie.

Kupima uwiano huhitaji kufungua kitu. Toa gia, ziba tairi za mbele kwa mawe, shusha breki ya mkono, nyanyua tairi moja tu la nyuma na uweke stendi. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi raundi mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela akiwa pembeni, si chini ya gari. Kwa sababu tairi la pili limesimama, raundi mbili za hili moja ni wastani wa raundi moja kwa ekseli, na propela itakuonyesha uwiano waziwazi: raundi nne na karibu theluthi ni 4.3, nne na nusu na kidogo ni 4.556. Rudia mbele, mbele ikiwa imefungwa na transfa ikiwa huru. Difu yenye kufuli au ya kubana yenyewe haitakubali mchezo huu, lakini pikapu nyingi za mizigo hazina.

Mengine nitayapita haraka, kwa kuwa fundi wa kawaida anayamudu. Mlio wa ta-ta-ta ukikata kona ni sivi joint, na mara nyingi mpira wake ulichanika zamani ukaingiza mchanga. Mshindo mkubwa wa ghafla ukiwa na mzigo, kwenye transfa za mnyororo, ni mnyororo ulionyooka unaoruka meno. Kimya kabisa cha solenoidi, usiposikia hata "tik" unaposogeza mti huku swichi ikiwa imewashwa, anza na fyuzi na waya.

Lakini kipo kipumulio, na sitakipita, kwa sababu kinaturudisha kwenye hewa. Juu ya kila ekseli kuna kijikofia au kijimpira kinachoruhusu hewa itoke na kuingia. Matope yakikiziba hutaona dalili yoyote, mpaka siku utakapovuka mto. Difu iliyotembea saa mbili inaweza kufika nyuzi 80. Mto una nyuzi 25 au chini ya hapo. Mwaka 1802 Joseph Louis Gay-Lussac alichapisha kanuni ya gesi kusinyaa kwa kipimo kimoja zinapopoa, na kwa kanuni hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya ekseli inapoteza mgandamizo wake kwa karibu sehemu moja ya sita ndani ya muda mfupi. Hewa ya nje, pamoja na mto wote, inasukuma kuingia, na mlango uliobaki ni sili. Ukifungua bolti ya chini wiki ijayo utatoka uji wa rangi ya chai ya maziwa, na beringi zitakuwa zimekwisha kuanza kutu. Kusafisha kipumulio hakuhitaji zaidi ya kitambaa na mswaki wa zamani.

Imebaki taa. Taa haipimi kama tairi zinavuta; inapokea taarifa kutoka kwenye swichi ndogo, na swichi inaungana na waya mbili. Tulipomaliza kufunga mpira mpya nilimwomba mjomba aniangalizie kwa nini ilikuwa inawaka wakati mbele imelala. Akafuata waya kutoka kwenye swichi ya difu, akacheka, akaniita. Zilikuwa zimekatwa na kusokotwa pamoja, kisha zikafungwa kwa utepe mweusi, kwa unadhifu mkubwa. Mtu alichoshwa na taa inayopepesa akaifundisha kusema ndiyo kila mara. Kama ni aliyeniuzia au aliyemuuzia yeye, sijui, na nimeacha kutafuta.

Wewe unayekwenda kununua pikapu wiki hii, nenda na jeki yako, stendi mbili, mawe manne na bomba la sindano la ndama. Kabla hujahesabu hata noti moja, omba ruhusa ya kunyanyua mbele na kuzungusha tairi la kushoto. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.